Pondele ya Kamusi

Nchi yenyewe siitaji. Nikiitaja, majirani zake watacheka, nao hawana haki ya kucheka, maana ya kwao tunayajua. Mkuu wa nchi hiyo naye sitamtaja jina, na msidhani ni woga. Mwoga hasimulii, hukaa kimya akasifiwa kwa busara. Sababu ipo, na mtaifikia wenyewe mkiwa na subira.

Mimi nilikuwa mtumishi katika Wizara ya Utamaduni na Kutajwa Nje. Kazi ya wizara hiyo, kama jina lake linavyosema, ilikuwa kuhakikisha nchi yetu inatajwa nje. Ikitajwa kwa mema tulifanya sherehe. Ikitajwa kwa mabaya tulifanya sherehe pia, ila keki ilikuwa ndogo. Kuna mwaka mkimbiaji wetu wa mbio ndefu alipotea njia huko ugenini akaingia kwenye harusi ya watu, picha yake ikatoka gazetini akiwa ameshika sahani. Tulipewa mapumziko taifa zima. Hotuba ya siku ile niliiandika mimi, na ndani yake nilisema alikwenda kwa mwaliko.

Basi asubuhi moja balozi wetu wa London akapiga simu huku analia. Waziri wangu, Mheshimiwa Shangwe Kibindo, akadhani mwenzake kafukuzwa, akaanza kumpa pole na papo hapo kufikiria shemeji gani ampe ule ubalozi. Kumbe yalikuwa machozi ya furaha. Neno letu lilikuwa limeingia katika kamusi kubwa ya Kiingereza.

"Neno gani?" akauliza waziri.

"Pondele, mheshimiwa."

Waziri akaweka simu chini, akafunga vifungo vya koti, akasimama wima peke yake ofisini kama vile wimbo wa taifa unapigwa.

Kwa msiokuwa wa kwetu, nieleze. Pondele ni kunde na ndizi mbichi zilizochemshwa pamoja, zikatwangwa kwa chumvi, pilipili na maji ya ukwaju. Haipikwi ovyo. Hupikwa siku ya kumaliza matanga. Mwenye kushika mchi ni yule aliyekuwa na ugomvi na marehemu. Atwange mpaka kinyongo kimtoke pamoja na jasho. Kisha inapakuliwa ikifuka moshi, watu wanaizunguka sinia, kila mmoja anamega tonge, analipuliza, na katika kupuliza huko analitaja jina la marehemu. Ndipo anakula. Kabla ya hapo jina lile halitamkwi na mtu. Marehemu anaitwa Yule, na mjane wake hatoki nje. Baada ya hapo jina liko huru, utalisimulia, utalitania, utampa mtoto. Wahenga wetu walisema jina la maiti hutoka kwa pumzi, na hakuna mtu anayepuliza kitu kilichopoa.

Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyajua kabla ya kuelimishwa.

*

Kamusi yenyewe ilifika kwa ndege, ikapokewa uwanjani na ngoma tatu na kikosi cha gwaride. Mkuu aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akakabidhiwa na miwani. Alipofungua akakuta maneno mengi kupita alivyotarajia, akaifunga, akasema imeandikwa vizuri sana.

Kwenye ukumbi wa wizara ndipo tulipoisoma. Mfasiri wetu alisimama akatusomea kwa Kiswahili: "Pondele: rojo baridi la maharage lenye sukari, ambalo wageni huchovya krispi za viazi katika tafrija, aghalabu wakiwa wamesimama."

Watu wakamtazama waziri ili wajue wafurahi au vipi.

Afisa mmoja kijana wa idara ya vyakula, mwanamke ambaye alikuwa bado hajazoea kazi, akanyoosha mkono. "Samahani, mheshimiwa. Nadhani hawa wenzetu wamekosea. Pondele si baridi, haina sukari, na mtu hali amesimama. Tuwaandikie warekebishe."

Waziri akamtazama kwa huruma nyingi. "Mwanangu, tuwaandikie Waingereza kwamba hawajui Kiingereza?"

Watu wakacheka kwa zamu, kuanzia katibu mkuu kushuka chini.

"Sikilizeni," akasema waziri. "Pondele ilipokuwa neno letu ilikuwa mikononi mwa akina mama, tena jikoni. Sisi tulikuwa walezi tu. Sasa mtoto kakua, kaolewa ughaibuni. Mtafanya nini, mtamfuata huko mkamwambie mumewe namna ya kumwita? Hapa palipokosewa si kamusi. Palipokosewa ni chunguni."

Tulipiga makofi. Yule kijana alihamishiwa wilaya ambayo mpaka leo sijui imo mkoa gani.

*

Mkuu alilihutubia taifa jioni ile, kwa hotuba niliyoiandika mimi, ingawa kipande kilichopendwa kuliko vyote alikitoa kichwani mwake. "Wananchi!" alisema. "Kwa karne na karne mmekuwa mkila msichokijua. Mababu zenu walitwanga gizani. Lakini jana tulikuwa tunakula tu, leo tunafasiriwa!" Hapo alitoa kitambaa akapangusa jicho. Msomaji wa habari naye alianza usiku huohuo kulitamka neno kwa mdomo uliobinuka, "pondíli", na baada ya wiki mbili watoto wa shule walikuwa wakichapwa kwa kulitamka kama mama zao.

Ikapitishwa Sheria ya Maana Sahihi. Kwa sheria hiyo, kitu chochote cha moto, chenye chumvi na chenye kuliwa kwa mkono si pondele, na kukiita pondele ni kughushi. Wajanja wakasema basi tutakiita jina lingine. Sheria ilikuwa imeshawaona: kukipika kwa jina lingine ni kuficha pondele. Mlango ukafungwa mbele na nyuma.

Wakaajiriwa Maafisa wa Ubaridi, wenye kofia za bluu na vipimajoto virefu shingoni. Walipewa ruhusa ya kuingia jiko lolote na kutumbukiza kipimo katika chungu chochote. Mtaani kwetu tulipewa afisa aliyeitwa Ngwali, mtu mnene, mpole wa sauti, aliyekuwa akibisha hodi vizuri kabisa kabla ya kuvunja komeo.

*

Jirani yangu Bi Siwema alikuwa amefiwa na mumewe wiki moja kabla ya sheria kupita. Mumewe alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa maneno mengi na spana chache. Jina lake nitalitaja wakati wake ukifika. Bi Siwema akawa amekaa ndani na kaniki yake, hatoki, hauzi vitumbua vyake, anasubiri siku ya pondele. Katikati ya kusubiri huko, binti yake akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alikuwa apewe jina la babu yake, na haikuwezekana, kwa kuwa jina lilikuwa bado limefungwa. Wakamwita Mgeni. Mtoto akafika umri wa kukaa, bado Mgeni.

Siku moja nikaitwa. Nikamkuta bibi amekaa juu ya mkeka, amepungua mwili.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe ulikuwa na ugomvi na Yule."

Nilikuwa nao, sikatai. Marehemu aliwahi kuniuzia tandiko la baiskeli ambalo, nilipofika nyumbani, niligundua limetoka kwenye baiskeli yangu mwenyewe niliyompelekea kutengeneza. Nilipomwendea alicheka mpaka akakaa chini. Tulimaliza miaka hatusalimiani.

"Basi mchi ni wako," akasema Bi Siwema. "Hakuna mwingine mtaani humu mwenye kinyongo naye. Njoo unitwangie, nimtoe mume wangu, mjukuu wangu apate jina."

"Bibi, mimi ni mtumishi wa serikali."

"Kwani serikali haifi?"

Nikamweleza sheria kwa utaratibu, kwa yale maneno marefu tunayoyatumia ofisini. Nikamwambia pondele ya siku hizi haihitaji mchi. Nikamtolea na pakiti ya krispi niliyopewa wizarani pamoja na kopo la rojo lenye nembo ya taifa, nikamwambia hii hapa, ni pondele halisi, imetoka kwenye kamusi. Akachukua krispi moja, akaichovya, akaileta karibu na midomo. Akaitazama muda mrefu.

"Nipulize nini hapa?" akauliza.

Akairudisha ndani ya pakiti, akaikunja pakiti vizuri, akanirudishia. "Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema. "Sikwambii wewe. Waambie hao wanaokulipa."

Nilitoka pale nimekasirika. Nilimkasirikia yeye kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

*

Mwezi uliofuata ikaja barua wizarani, kutoka kwa wahariri wa kamusi wenyewe. Waungwana wale waliandika kwa adabu. Walisema wana wasiwasi kwamba fasiri yao ya pondele haikuwa sahihi, maana waliipata kwenye orodha ya vyakula ya mgahawa mmoja huko kwao. Je, tungeweza kuwaeleza chakula hicho kinapikwaje nyumbani kwake, na lini, na kinaliwaje?

Nilikimbia na barua ile hadi kwa waziri kama mtu aliyeokota kitu cha mtu. Nikajua sasa yamekwisha, Bi Siwema atapika, mtoto atapata jina.

Waziri akaisoma mara mbili, jasho likamtoka. "Wanatupima," akasema. "Wanataka kuona kama tunastahili. Andika!"

Nikaandika, yeye akisema, mimi nikiandika: "Wapendwa wahariri, fasiri yenu ni sahihi kabisa wala msiiguse. Wanaokosea ni wananchi wetu, na tunawashughulikia."

Toleo lililofuata la kamusi lilibakiza fasiri ileile, na chini yake wakaongeza kwamba imethibitishwa na serikali ya nchi husika. Mheshimiwa Kibindo alipewa nishani. Ilikuwa na umbo la krispi.

*

Bi Siwema hakungoja tena. Alimwambia binti yake atwange, ingawa binti hakuwa na ugomvi wowote na baba yake. Walifunga madirisha, wakaziba tundu kwa matambara ili harufu isitoke. Lakini ukwaju na pilipili vikikutana motoni hakuna tambara la kuvizuia. Ngwali alibisha hodi, akasalimia, akavunja komeo, akatumbukiza kipimajoto.

"Hii ni ya moto, mama," akasema kwa masikitiko.

"Ingekuwa ya nini, mwanangu?"

Akamwaga humo ndoo ya maji baridi, akatia sukari aliyokuja nayo mfukoni, akakoroga kwa mchi wenyewe. Halafu akachukua chungu kama kielelezo. Bi Siwema alipelekwa Darasa la Maana, mjane aliyekuwa hajavuka kizingiti tangu msiba, akapitishwa barabarani mchana. Kule aliketishwa kwenye deski la mtoto, akakaririshwa fasiri kwa Kiingereza mpaka akaiweza, akapewa cheti. Cheti kilisema amefuzu kuelewa chakula chake.

Niliona akirudishwa. Hakulia. Alisimama mlangoni kwake, akaniambia mimi niliyekuwa nimesimama uani kwangu na gazeti: "Nitafia humu ndani na Yule hajatoka. Tutakuwa Yule wawili."

Hapo nilikasirika kweli, tena nikamkasirikia aliyestahili, Mkuu mwenyewe. Usiku nilikunja ngumi kitandani. Asubuhi nikaenda kazini nikaandika hotuba ya Sikukuu ya Kamusi. Ilikuwa hotuba nzuri.

*

Sikukuu ya Kamusi ndiyo iliyomuua Mkuu. Alikuwa amesimama, kama fasiri inavyotaka, mbele ya mabalozi, akachovya krispi kubwa kupita zote ili wananchi walioko nyuma waione. Ikamkwama kooni. Daktari wake akaja mbio akasema apewe chai ya vuguvugu, lakini mkuu wa Maafisa wa Ubaridi akamzuia, kwa kuwa penye pondele cha moto hakiruhusiwi. Wakabishana kisheria. Daktari alikuwa na hoja nzuri, afisa alikuwa na kifungu, na walipofikia maelewano Mkuu alikuwa hawezi tena kunufaika nayo.

Taifa lililia. Niseme ukweli, lililia sana, na waliolia zaidi walikuwa na kamera mbele yao.

Matanga yakatangazwa, na siku ya kuyamaliza ikapangwa kwenye uwanja mkubwa wa mpira, ule uliokuwa na jina lake. Maafisa wa Ubaridi wote waliitwa kulinda matangi ya rojo. Nami nilipaswa kuwa jukwaani nikimshikia waziri kurasa. Nikamkabidhi hotuba, nikamwambia naenda msalani. Nikatoka kwa mlango wa wachezaji, nikapanda baiskeli yangu, nikakanyaga mpaka mtaani kwetu.

"Bibi," nikasema, "mchi uko wapi?"

Hakuniuliza kitu. Moto ulikuwa umeshawashwa. Nadhani alijua kabla yangu. Nikavua shati la serikali, nikatwanga. Nilikumbuka lile tandiko, nikatwanga kwa hasira. Nikakumbuka alivyocheka mpaka akakaa chini, nikatwanga, na katikati ya kutwanga nikajikuta nami nacheka, machozi yananitoka, sijui ya pilipili au ya nini.

Redio ya jirani ilikuwa imefunguliwa kwa sauti kubwa. Tulimsikia Mheshimiwa Kibindo akisema, "Na sasa, kwa mujibu wa mila zetu, sote kwa pamoja tulipulize jina la mpendwa wetu!" Kisha tukasikia krispi. Uwanja mzima ulikuwa unatafuna. Waziri akasema, "Pulizeni!" Mtangazaji akaeleza kwamba mheshimiwa amepuliza mwenyewe kwa nguvu, na kwamba vipande vya krispi vinapanguswa kwenye suti ya balozi. Hakuna sauti nyingine iliyosikika. Baadaye tulisimuliwa kwamba akina mama waliojaa majukwaani waliangalia vikopo vyao vya baridi, wakanyamaza. Hawakugoma. Hapakuwa na cha kupuliza, na sheria walikuwa wameitii neno kwa neno.

Kwetu sinia ilipakuliwa. Mvuke ukapanda mpaka darini. Bi Siwema akamega tonge la kwanza, likamchoma vidole, akalihamisha mkono hadi mkono, akalisogeza mdomoni.

"Machano," akapuliza.

Binti yake akapuliza. Majirani wakaingia mmoja mmoja bila kuitwa, wakanawa, wakapuliza. Mimi nilipuliza nikaungua ulimi. Machano, Machano, Machano. Mtoto alikuwa amekaa pembeni mwa mkeka anatutazama, na alipoitwa mara ya kwanza hakugeuka, hakujua kama ni yeye.

*

Tabu ilianza serikalini. Katika nchi ile hapakuwa na kitu kisichobeba jina la Mkuu: uwanja, daraja, chuo kikuu, hospitali, mtaa wa benki na hata aina moja ya mbegu za mahindi. Na sasa halikutamkika. Wahadhiri walisema wanafundisha Chuo Kikuu cha Yule. Mtangazaji wa mpira alisema mechi inachezwa Uwanja wa Yule. Msomaji wa habari aliyezoea kubinua mdomo alifika kwenye jina, akakohoa, akapita. Hata Mkuu mpya alipoapa kufuata nyayo za mtangulizi wake, aliapa kufuata nyayo za Yule.

Wizara ya Kutajwa Nje ikawa na kiongozi asiyetajwa hata ndani.

Mheshimiwa Kibindo akaamua kufanya la siri. Pondele ya moto, moja tu, kwa kibali maalumu. Alipata kunde, alipata ndizi, alipata na kile chungu cha Bi Siwema kutoka ghala la vielelezo. Kilichokosekana ni mtu wa kushika mchi: mtu mmoja tu aliyekuwa na ugomvi na marehemu.

Alidhani ni kazi ndogo. Alianza kwa kuuliza, akamalizia kwa kukamata. Watu walihojiwa vituoni wakubali kwamba walimchukia. Wakakataa. Waliokuwa wamebomolewa nyumba walisema walibomolewa kwa upendo. Akatolewa gerezani mzee aliyefungwa miaka mingi kwa kumtukana Mkuu. Akasema yale hayakuwa matusi, yalikuwa utani wa watu wanaopendana, wala hana haraka ya kutoka. Watu walikuwa wamefundishwa kwa fimbo kwamba hakuna mwenye kinyongo na Mkuu, na walikuwa wamefundishika vizuri.

Mwisho, baada ya mwaka na ushei, waziri akaja mtaani kwetu, yeye mwenyewe, na Ngwali nyuma yake amebeba chungu. Bi Siwema alikuwa uani anachoma vitumbua, kaniki ameshaivua.

"Mama," akasema waziri kwa sauti ndogo, "wewe ulinyang'anywa chungu. Ulitembezwa barabarani na ujane wako. Lazima una kinyongo."

"Mimi, baba?" Bi Siwema akageuza kitumbua. "Mimi nina cheti. Nimefuzu."

"Hata kidogo tu, mama. Cha kutwangia."

"Tulimpenda sote. Si mlituambia tuseme hivyo?" Akamtazama juu chini. "Na wewe mwenyewe, mheshimiwa? Hukuwahi kugombana naye hata siku moja?"

Waziri akatazama mlangoni, akamtazama Ngwali, akatazama angani. "Mimi?" akasema. "Mimi nilimpenda kuliko baba yangu mzazi."

"Basi mpumzike," akasema bibi, akapokea chungu chake kutoka mikononi mwa Ngwali, akakipangusa kwa upindo wa kanga. Kisha akainua sauti kuelekea nyuma ya nyumba. "Machano! We Machano! Njoo ule!"

Mtoto akaja mbio, mikono imejaa grisi ya mnyororo wa baiskeli yangu.

Sasa mmejua kwa nini Mkuu yule sikumtaja. Kunde zipo, moto upo, kinu kipo palepale uani kwa Bi Siwema, na mchi umeegemezwa ukutani. Mgomvi wake ndiye hajapatikana.